Kaa Sawa, Wifi

Mtu akikuambia mchezo wa makasia unataka mikono yenye nguvu, mwambie akabebe saruji. Huko ndiko nguvu za mikono zinakotafutwa. Mimi mikono ninayo, mabega ninayo, na pumzi ninayo mpaka ya kuazima, na bado niko hapa nakunja mashuka ya watu, na mwenzangu kapanda ndege. Sisemi kwa wivu. Haya basi, nasema kwa wivu, kwani nini? Wivu huu ni halali yangu, nimeutolea jasho.

Mwenzangu huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mdogo kwangu kwa umri. Tunakaa nyumba moja: mimi na mume wangu chumba cha uani, yeye na mama mkwe wangu vyumba vya mbele. Kazi pia tulikuwa nayo moja, kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Sisi ni wa meza ya mwisho, meza ya kukunja.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnalivuta likakakamaa, mnalipiga hewani mara moja, halafu mnasogeleana unampa pembe zako na kuinama kuudaka mkunjo. Ukichelewa kidogo tu linakwenda upande na mnaanza upya. Mimi na Wifi hatukuwa tunachelewa. Tulikunja huku tukisengenya watu, na mikono ikawa inajiendea yenyewe.

Siku moja Kocha wa klabu ya makasia alikuja kuchukua taulo zake. Akasimama kaunta, risiti mkononi, akatutazama mpaka bosi akadhani kuna kitu kimepotea.

"Nyie wawili," akasema, "huwa mnahesabu kimoyomoyo?"

"Tuhesabu nini?" nikamjibu. "Si shuka ni moja tu?"

Akacheka, akatuita bwawani. Ni lile bwawa la maji ya mji, lenye kingo za zege na banda la mabati ambamo klabu inaweka mitumbwi. Akatupima kama ng'ombe wa mnada: urefu wa mikono tukiinyoosha, upana wa mabega, tukapuliza kibomba cha kupimia pumzi mpaka macho yakatutoka. Halafu akatuhubiria. Mwenye kutaka kushinda, akasema, anataka pumzi ndefu, anataka kiuno, maana kasia halivutwi na mkono, linavutwa na kiuno. Anataka sikio la kusikia mwenzake anapogusa maji. Na anataka kichwa kisichochemka. Hapo Wifi alinikanyaga mguu, maana kichwa changu kinachemka hata bila moto.

Mdomo hakuutaja. Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa napiga pasi. Katika mahubiri yake yote, mdomo hakuutaja hata kwa bahati mbaya.

Mtumbwi wenyewe ni ule wa mashindano, mrefu na mwembamba hivi kwamba ukikaa ndani mapaja yanagusa kuta zote mbili, na ukipiga chafya bila adabu unaogelea. Wa mbele ndiye mwenye mwendo, na ndiye anayegeuza usukani kwa miguu. Wa nyuma haoni kitu ila mgongo wa mwenzake. Kazi yake ni kufuata na kusukuma. Wifi akapewa mbele kwa sababu ana mwendo mzuri, hilo simnyimi, mkono wake hauna papara. Mimi nikapewa nyuma, kwa sababu nina nguvu na kwa sababu, nadhani, nyuma ndiko ninakowekwaga siku zote.

Mwanzoni tulikuwa tunaanguka majini kila tukitoka. Tunapiga makasia vizuri tu, mara puu! Kocha akiuliza, hakuna ajuaye. Mimi nikajua, kwa sababu mgongo wa Wifi ulikuwa mbele ya macho yangu kama televisheni. Alikuwa analalia kulia. Tako la kulia limezama kwenye kiti, la kushoto linaelea, na mtumbwi nao unamfuata.

Tulipopinduka kwa mara nyingine nikaibuka nikasema. "Wifi, ni wewe unayetuangusha! Unalalia kulia! Hilo tako la kushoto lishushe, kaa sawa!" Labda nilipaza sauti. Nilikuwa nimemeza maji ya bwawa, na mtu aliyemeza maji ya bwawa haongei kama mtangazaji wa redio. Ukingoni walikuwepo vijana wa klabu, wakacheka. Wifi alipanda ukingo, akajifunga taulo, akaenda zake nyumbani bila kunisubiri.

Nilipofika nikakuta kikao. Mama mkwe kakaa kwenye kochi kubwa, mume wangu kwenye kiti cha plastiki, Wifi mlangoni na macho mekundu. Mimi sikuambiwa nikae.

"Mwanangu umemtaja matako mbele ya wanaume," mama mkwe akaanza.

"Mama, nilikuwa namrekebisha tu, tulikuwa tunaanguka..."

"Wewe nani wa kumrekebisha? Umekuja hapa kuolewa au kufundisha? Kama humpendi mwanangu sema, usimfedheheshe hadharani."

Nikamtazama mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti. Chuma anakinyoosha, mama yake hamuwezi. Akatazama viatu vyake akasema neno lake lile moja, "Yaishe." Maana ya yaishe ni kwamba mimi niombe radhi. Nikaomba. Nikaomba kwa mama mkwe, nikaomba kwa Wifi, na usiku mume wangu akanishukuru kwa busara yangu. Busara! Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananivuma.

Kuanzia hapo sikusema tena. Nikajikaza kisabuni. Wifi akizama kulia kidogo, mimi nyuma nazama kushoto kidogo. Akizidi, nazidi. Nikawa nambeba kwa kiuno, kasia kwa kasia, na mtumbwi ukatulia juu ya maji kama meza. Hatukuanguka tena. Tukaanza kushinda, kwanza klabu yetu, halafu klabu za jirani, halafu wale wa mbali waliokuja na mitumbwi yao juu ya magari. Kocha akawa anawaita wengine waje watazame. "Muoneni huyu wa mbele anavyokaa! Huo ndio usawa!" Wa mbele, jamani! Na mimi huko nyuma natabasamu kama bibi harusi, mbavu za kushoto zinawaka moto.

Miaka ikapita hivyo. Kiatu changu cha kushoto kikawa kinaisha kisigino kabla ya cha kulia. Fundi viatu akaniuliza kama niliwahi kugongwa na gari. Nikamwambia afanye kazi yake.

Ndipo ikaja habari ya timu ya taifa. Mtumbwi mmoja wa wanawake, watu wawili, safari ya nje. Kocha ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua, na hakunificha: kwa umri wangu, kama si safari hii, basi tena. Akaniambia hivyo mlangoni pa banda, akinishika bega, na mimi nikaitikia kana kwamba ananiambia bei ya nyanya.

Nilikitaka kiti kile. Sikukitaka kidogo. Nyumba ninayolala ni ya mama mkwe, pasi ninayoshika ni ya dobi, hata barabarani naitwa mke wa fundi mageti. Kiti kile kingekuwa changu peke yangu, kimeandikwa jina langu, na hakuna kikao ambacho kingeniambia niombe radhi kwa kukikalia. Nilikiota. Nikiwa nimelala mume wangu ananitikisa, "Wewe, mbona unarusha mikono?"

Tuliobaki kwenye mchujo tulikuwa wanne: mimi na Wifi, na mtumbwi wa pili wenye Mwalimu mbele na Sajini nyuma. Mwalimu anafundisha watoto wa chekechea na anaongea na kila mtu kama vile anamfunga kamba za viatu. Sajini ni askari wa barabarani, na sauti yake inasimamisha lori.

Mzunguko wa kwanza tukakimbia kama tulivyozoea. Mimi na Wifi tukawaacha mbali, mpaka tukawa tunapumua tunawasubiri. Nikasema moyoni, tumeula. Nikamwona Kocha anaandika, halafu akapiga filimbi.

"Vizuri. Sasa wa nyuma mbadilishane."

"Tubadilishane kwa nini?" nikauliza. "Si tumeshinda?"

"Mmeshinda wawili. Nataka kujua kila mmoja peke yake ana nini. Ndivyo wanavyochagua huko juu, mtu anahamishwa, tunatazama mtumbwi upi umeongeza kasi."

Basi Sajini akaenda kukaa nyuma ya Wifi, na mimi nyuma ya Mwalimu. Na hapa nitasema ukweli wa roho yangu: nilifurahi. Nilijua anachokwenda kukutana nacho Sajini. Nikasema, leo ndiyo leo, leo watajua nani alikuwa anambeba nani. Nikageuka makusudi nitazame.

Mtumbwi wao ukalala kulia mara tu walipoachia ukingo. Sajini akashika zege kwa mkono mmoja, na ile sauti ikamtoka. "Wewe! Tako la kulia limekufa? Nyanyuka! Kaa sawa!"

Bwawa zima lilisikia. Vijana wakacheka. Mimi nikasubiri Wifi alie, ashuke, ajifunge taulo aende kwa mama yake.

Wifi akacheka. Aliangua kicheko kabisa. "Samahani, Sajini," akasema, akajisogeza kwenye kiti, mara moja tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Akakaa sawa. Hivyo tu. Mtumbwi ukanyooka na haukulala tena.

Nilipigwa na butwaa hata sikusikia Mwalimu akiniita. "Dada," alikuwa anasema kwa upole, "naona tunaegemea kushoto kidogo."

"Ni wewe!" nikamkemea.

Hakuwa yeye. Mwalimu alikaa wima kama mshumaa. Ni mimi niliyelala kushoto, na nilipojaribu kukaa sawa nikahisi naangukia kulia, moyo ukanipasuka, nikarudi kule kule. Kocha akapiga filimbi. Mwili wangu ukawa unamtafuta mtu wa kumbeba na hakuna wa kubebwa. Nikivuta, mtumbwi unakata kushoto. Mwalimu anarekebisha usukani, nikivuta tena unakata tena. Tukaenda kama walevi. Wifi na Sajini wakatupita, wakapotea, na katikati ya bwawa mimi na Mwalimu tukapinduka.

Kocha akatupa nafasi ya pili, kwa haki. Tukapinduka mapema zaidi.

Aliniita bandani, nguo zinanichuruzika. Akaniambia nigeuke, akanibonyeza mgongo kwa vidole viwili, juu mpaka chini. Upande wa kushoto una mnofu kama mkate, wa kulia hauna kitu.

"Umepinda," akasema. "Uliumia lini?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, tako na kikao na radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema lile ambalo sitamsamehe.

"Sasa mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe si ulikuwa ukingoni unampigia makofi?"

Akasema mwili kama ule unaweza kunyooshwa, lakini unataka muda, na muda hana. Akasema pia, na alikuwa anajaribu kuniliwaza, kwamba katika miaka yake yote hajaona mtu wa nyuma mwenye kiuno kama changu. Nikamwambia kilemba hicho cha ukoka akamvishe mkewe. Nje Sajini alikuwa anampiga Wifi mgongoni, wanacheka.

Nyumbani mama mkwe alishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Mume wangu alinikuta nimekaa kitandani, nguo zile zile, na, maskini ya Mungu, alitaka kunifariji.

"Usihuzunike, mke wangu," akasema. "Si bora kiti kimebaki nyumbani?"

Nikamwambia anipishe niomboleze kiti chake cha nyumbani. Akasema, "Yaishe basi," akaenda kulala kwa mama yake kwenye kochi, na akafanya vyema.

Wifi alikuja baadaye, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kocha alikuwa amemweleza. Alikuwa amelia kweli, simsingizii.

"Wifi," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Ile siku ya kikao."

Akakunja uso. "Kikao gani?"

Nikamsoma usoni kama ananidanganya. Hakuwa ananidanganya. Alikuwa hakumbuki. Nikamwita mama mkwe kutoka jikoni, nikamuuliza mbele yake, nikamtajia kochi na kiti cha plastiki na mlango. Mama mkwe akafuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, mambo ya zamani hayo unayatoa wapi? Sisi tulikukalisha kikao? Sisi?" Akanitazama kwa huruma kabisa, kama unavyomtazama mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimekibeba kikao chao miaka yote hiyo, upande wa kushoto, na wenyewe walishakitupa wiki ile ile.

Siku moja kabla ya safari Sajini alikuwa zamu, kulikuwa na msafara wa wakubwa, hakupewa ruhusa. Wifi akanifuata mezani kwa dobi, nakunja foronya.

"Wifi, nakuomba. Nisikose mazoezi leo. Kaa nyuma yangu, mara moja tu."

Ningeweza kukataa. Kila mwenye akili angekataa. Lakini nilitaka kujua. Labda, nikajiambia, tukiwa wawili, mwili utakumbuka. Labda Kocha akituona kama zamani, bado kuna leo usiku, bado kuna simu za kupigwa. Mtu akikitaka kitu anakuwa mjinga hivyo. Nikavua aproni nikaenda.

Tukaubeba mtumbwi kutoka bandani kama tulivyouzoea, yeye mbele, mimi nyuma. Nikamshikia, akaingia, akakaa. Nikaingia. Ule mgongo ukawa tena mbele ya macho yangu, lakini haukuwa mgongo ninaoujua. Ulikuwa umenyooka kabisa, mabega yote mawili yako usawa mmoja, na hata nywele alizisuka upya. Kocha alikuwa ukingoni na vijana wake.

"Tayari?" Wifi akauliza.

"Tayari."

Kasia la kwanza tuligusa maji pamoja. La pili pamoja. Sikio langu lilikuwa halijasahau kitu, na moyo ukaniruka, nikasema, ona! Nikajitahidi kukaa sawa, nikajitahidi kwa nguvu zangu zote, na kila nilipojinyoosha nikahisi Wifi anaangukia kulia, nikamdaka. Hakuwa anaanguka. Nilimdaka mtu aliyekaa vizuri. Mtumbwi ukalala kushoto, taratibu, na wote wawili tukaingia majini.

Nikaibuka nikakohoa. Vijana ukingoni walikuwa wanacheka. Wifi alikuwa ameshika upande wa pili wa mtumbwi, kichwa chake karibu na changu. Akawatazama wale wa ukingoni, halafu akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa ili wasisikie, kwa upole, kwa adabu zote ambazo mtu anaweza kumpa wifi yake.

"Wifi, unalalia kushoto. Kaa sawa."

Nikaanza kumtafuta kichwani mama wa kwenda kumshtakia. Katika nyumba ile mama ni mmoja, na ni wake.

"Asante, wifi," nikamwambia.

Halafu nikamshikia mtumbwi, akapanda.